Damu Isiyo na Ukoo

Kama umeanza kutafuna mchele mbichi kwa kujificha, acha kusoma hapa, nenda kapime damu, ukirudi utanikuta. Kama bado hujaanza, kaa tuzungumze. Mimi sina haraka. Hata kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kukaa, na majirani zangu wa Viwanja Sitini hapa Ifakara walikuwa wakimwelekeza mgeni hivi: nenda moja kwa moja, ukiona mwanamke ameketi mlangoni, hapo ndipo kwa Desideri.

Nilisoma mpaka kidato cha nne. Sijivuni, nataka tu ujue kwamba ujinga nilioufanya niliufanya nikiwa nimefundishwa. Niliwahi kuchora moyo ubaoni na vyumba vyake vinne, darasa likapiga makofi. Moyo wangu mwenyewe ulipoanza kudunda masikioni, nilidhani ni jirani anatwanga. Nilimlaumu kwa kutwanga hata Jumapili.

Ilianza na siku zangu za mwezi. Zamani zilikuja na kuondoka kama mgeni mwenye adabu. Mwaka ule zikaanza kuja na mizigo, zikakaa, zikaondoka zikisahau vitu, zikarudi kuvifuata. Nikaacha kwenda misa kwa kuogopa benchi. Nikaacha kwenda sokoni kwa kuogopa njia. Hakuna aliyeshangaa. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa mtu wa ndani: ukiugua, watu wanaona unaendelea na tabia yako.

Kisha ukaja mchele. Nilianza na chenga zilizobaki kwenye ungo, nikahamia kwenye debe. Nilikuwa naamka nikiufikiria kama msichana anavyomfikiria mchumba. Mchele ulipochosha nikamega udongo wa ukuta wa jikoni, ule wa upande unaolowa mvua, kwa sababu nilishaonja upande mkavu na haukuwa na utamu. Desideri, mume wangu, ni mkulima wa mpunga. Shamba lake liko Mofu, na majira ya kulinda mpunga anakaa huko huko kwenye dungu akifukuza ndege na nguruwe. Siku aliyorudi kuchukua chumvi alikuta debe limefika nusu.

"Mama Neema," akasema, "mwaka huu nalinda bure. Panya mkubwa yuko nyumbani na amevaa kanga."

Nikacheka. Katika kucheka nikakosa pumzi, nikashika mwimo wa mlango. Akanishika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja. Kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Hakutania tena siku hiyo.

Alinibeba kwa baiskeli mpaka hospitali. Kwenye benchi la kusubiria nilikaa kati ya mzee mwenye kikohozi na mama mwenye mtoto wa homa, na nilishangaa jinsi nilivyopapenda. Watu wengi wanalalamika kuhusu foleni ya hospitali. Mimi nilikuwa nimeketi, na nilikuwa na sababu ya kuketi. Bwana wa maabara alinitoboa kidole, akarudi akanitazama, akatazama kipimo chake, akanitazama tena.

"Umekuja kwa miguu?"

"Kwa baiskeli."

"Ishukuru baiskeli. Wenye damu kama hii huwa wanakuja na machela."

Daktari alikuwa kijana, aliyesoma nje akarudi, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akasema nina uvimbe kwenye kizazi, ndio unaoninyonya. Utatolewa kwa upasuaji, na pengine kizazi chenyewe kitaondoka nao. Lakini hawezi kunigusa na kisu wakati damu yangu imebaki kidogo namna hii. Kwanza niongezewe chupa mbili. Kundi langu ni O. Wenye kundi hilo wanaweza kuwapa wengi, ila wenyewe wanapokea kwa mwenzao wa O tu. Hata damu yangu, unaona, haipendi wageni.

"Kundi lenyewe si shida," daktari akasema. "O ni jingi mitaani. Shida ni watu. Hapa hatuna ghala la damu. Ghala ni ndugu zako. Waite."

Sasa nikueleze kuhusu ndugu zangu. Wa kwetu wako Mahenge, ng'ambo ya mto. Ilikuwa masika, Kilombero umejaa mpaka umesahau kingo zake, na kivuko kilikuwa kimesimama. Ujumbe ulivuka, watu hawakuvuka. Wa upande huu nilikuwa na kaka mmoja tu, Longino, anayenunua mpunga Mlimba. Alikuja kwa treni, amebeba jogoo, machozi yanamtoka tangu getini.

"Dada yangu," akasema, "hata figo nitatoa."

Sista wa wodi akamwambia figo abaki nayo, wanataka damu tu, ila kila anayetoa anapimwa kwanza, pamoja na UKIMWI. Kaka akasema ni jambo zuri sana, watu wanapaswa kupimwa. Akauliza choo kiko wapi. Habari zake tulizipata tena kutoka Mlimba. Kaka, ukisoma haya ujue sina kinyongo. Miaka ile wengi walikimbia kile kipimo, hata wasio na sababu. Jogoo tulimla.

Akabaki Desideri. Yeye hakuogopa kipimo. Alikwenda mwenyewe, akapimwa, akaonekana safi na kundi ni O kama langu. Alirudi wodini anang'aa kama aliyefaulu mtihani. Na hapo ndipo Shangazi Valeria alipotua kikapu chake chini.

Shangazi huyu ni dada wa baba yake Desideri. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, ndiye aliyekuja kunichumbia, na katika ukoo ule hakuna anayeoa wala kuolewa kabla yeye hajahesabu nani ni nani wa nani. Ana kichwa cha kuhesabu undugu kuliko rejista ya parokia.

"Utampa mkeo damu?" akamuuliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Baba yangu, babu yako, alichanjiana damu na mvuvi mmoja Mndamba aliyemtoa mtoni mtumbwi ulipopinduka. Walichanja hapa," akagusa kifua, "tone moja kila mtu, wakapaka kwenye nyama ya ini, wakala. Tangu siku ile wale ni ndugu zetu. Watoto wao hatuoi, wetu hawaoi. Tone moja, Desideri. Wewe unataka kumpa chupa."



"Atapona, sikatai," shangazi akaendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo. "Atapona awe dada yako. Utamrudisha nyumbani ukae naye kama nani?"

Msicheke. Mimi mwenye biolojia yangu nililala pale nikitazama dari, nikajisemea kwamba damu ni damu, haina jina. Halafu nikajiuliza: na kama ina jina? Nilikuwa na mtoto mmoja tu, Neema, na kizazi kilikuwa kinaondoka. Nikijumlisha na udada, nitabaki na nini katika nyumba ile? Mke asiyezaa tena, ambaye mumewe anaona haya kumgusa. Nilimtazama Desideri, naye alikuwa anatazama miguu yake. Sikumwomba. Niliogopa kumwomba kuliko nilivyoogopa kufa, kwa sababu kufa sikukujua, na lile jibu ningeliona usoni mwake.

Ndipo daktari, kwa wema wake, akatuharibia.

Alipita asubuhi akakuta tumenuna wote watatu. Ili kunichangamsha akaanza kunieleza aliyoyasoma kwenye jarida la madaktari. Kwamba huko Ulaya na Amerika wanahangaika kutengeneza damu ya bandia. Akasema kazi kubwa ya damu ni uchukuzi: inapakia hewa safi mapafuni, inaishusha mwilini, inarudi kupakia tena. Basi wenzetu wanajaribu kutengeneza maji yanayoweza kufanya uchukuzi huo. Wengine wanachukua damu ya ng'ombe, wanatoa kile kitu chekundu kinachoshika hewa, wanakisafisha mpaka hakina ugonjwa, wanakitia kwenye mifuko.

"Haina kundi," akasema. "O, A, B, yeyote anapokea. Haihitaji jokofu kama hii yetu. Siku moja tutakuwa nayo hapa kabatini."

Shangazi, ambaye kwa kawaida hakuwasikiliza madaktari, alikuwa ameacha kumenya chungwa.

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe, Shangazi."

"Haina mwenyewe?"

"Haina mwenyewe. Ni ya kiwandani."

Daktari akaondoka zake. Shangazi akamaliza chungwa, akafuta kisu, akasema, "Ng'ombe tunamla. Kitu tunachokula hakiwezi kuwa ndugu. Hii ndiyo yako."

Nikamwambia Wasukuma walioingia bondeni na makundi yao ya ng'ombe watanidai kama ndama wao aliyepotea. Akasema wanidai tu, undugu na ndama hauvunji ndoa. Desideri naye akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, na kile kicheko kikatupoza. Ukiwa wodini, chochote kinachomfanya mtu wako acheke unakiamini.

Tukaanza kuingoja. Narudia, kwa sababu ninyi mnaosoma mnaweza kudhani mngekuwa na akili zaidi: watu wazima watatu, mmoja wao wa kidato cha nne, tulikaa Ifakara tukingojea damu ya kiwandani. Nilimsikia daktari vizuri. Alisema wanajaribu. Alisema siku moja. Lakini mtu anayehitaji kitu hasikilizi maneno yote, anachukua yanayomfaa. Shangazi alikuwa anapita kila siku kwenye dirisha la dawa na kuuliza kama mzigo umefika. Mtoa dawa alidhani anaulizia dripu, akamjibu labda kesho. Desideri alikwenda stesheni ya TAZARA kuulizia mabehewa ya Dar es Salaam. Kila mtu alimjibu kwa adabu na hakuna aliyejua anaulizia nini. Na mimi nilipomwona daktari nilikuwa namwambia, "Tunasubiri tu," naye anatikisa kichwa, akidhani tunasubiri kivuko cha Mahenge.

Wakati huo mimi nilikuwa naisha. Nitakueleza jinsi mtu anavyoisha, ili uzijue dalili. Miguu ilivimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Kucha zilijipinda juu kama vijiko. Ulimi ulikuwa laini, chakula chochote kikawa na ladha ya sarafu. Sikuweza kulala chali, nililala nimeketi, nimeegemea ukuta, na nilisema kimoyomoyo kwamba Mungu ananitania, nilipenda kukaa basi sasa nikae. Kutoka kitandani hadi chooni nilipumzika njiani mara kadhaa, nikijifanya nasoma matangazo ya chanjo ukutani. Nilipewa vidonge vya kuongeza damu, vikageuza choo kuwa cheusi, na siku zangu zikija zilichukua vyote nilivyopata. Mwanangu Neema alipoletwa kunisalimia alisimama mbali kidogo akauliza, "Mama, kwa nini midomo yako imepauka?" Nikamwambia nimekula mchele mwingi. Akaniamini, na tangu siku hiyo alikataa wali mpaka mavuno.

Kulikuwa na huruma ndogondogo. Sista mmoja wa zamu alinipa mto wake mwenyewe. Mume wa mgonjwa wa jirani alikuwa akileta kambale na kukatia kila kitanda kipande. Na kulikuwa na Mama wa Treni.

Kitanda chake kilitazamana na changu. Alishushwa stesheni akiwa anatokwa na damu, mimba imeharibika, alikuwa anakwenda mbali huko upande wa Mbeya. Hakuwa na mtu. Alinitania siku ya kwanza tu: "Wewe una wawili wanaokugombea, mimi hata wa kunisengenya sina." Chupa moja iliyokuwa jokofuni alipewa yeye, na ilikuwa haki yake. Haikutosha. Shangazi alikuwa anamnywesha uji baada ya kuninywesha mimi, na kila mara alimwambia avumilie, kuna damu inakuja isiyotaka ndugu, wa kwanza kupewa atakuwa yeye. Mama wa Treni akawa anatabasamu.

Akafariki wakati wa mvua kubwa, mchana, watu wanakula. Sista walimfunika. Shangazi akaenda akasaidia kumwosha, kwa sababu alisema mwanamke hawezi kuoshwa na wageni peke yao, lazima awepo mmoja aliyempa uji. Aliporudi kanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Hakuketi. Alisimama mlangoni mwa wodi akamngoja daktari.

"Shikamoo, Shangazi," daktari akasema.

"Marahaba. Ile damu ya ng'ombe imefika?"

Daktari akatabasamu, akidhani ni utani. Kisha akaona uso wake. Akaja naye mpaka kitandani kwangu, akafanya jambo ambalo madaktari hawalifanyi: akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mmekuwa mnaingoja ile?"

Shangazi akaitikia kwa kichwa.

"Haiji, Shangazi. Si wiki hii wala mwaka huu. Hata huko kwao bado wanaijaribu, na baadhi ya waliopewa imewadhuru, mishipa inabana. Na hata ingekuwepo leo, haikai mwilini. Siku moja, mbili, imekwisha. Kazi yake ni kumvusha mtu tu, mpaka damu ya kweli ipatikane."

"Kama mtumbwi."

"Kama mtumbwi."

"Mtumbwi hauwi ndugu wa mtu."

"Hauwi," daktari akasema. "Lakini haupo."

Shangazi akatazama kile kitanda kilichokuwa wazi. Walikuwa wameshatoa godoro kulianika, vimebaki vyuma vitupu.

"Huyu naye anaweza kungoja mpaka kivuko?"

"Sipendi kusema siku. Ila mvua hii hataimaliza."

Desideri alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimwona anafungua mdomo, na nikafumba macho, nisione. Lakini aliyesema alikuwa shangazi. Alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole, kama anavyohesabu watu kabla ya uchumba.

"Nipimeni mimi."

"Wewe Shangazi? Una umri gani?"

"Wa kuzaa nimeuvuka, wa kufa sijaufika. Nipimeni."

"Na ule undugu?" Desideri akamuuliza.

"Nimeshauhesabu. Mimi nikimpa damu, huyu anakuwa mwanangu. Wewe ni mtoto wa kaka yangu. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni mabinamu. Mabinamu wameoana tangu enzi za bibi zetu, na hivi sasa padre akinuna unaandikiwa kibali. Nenda kanitafutie soda, nimesikia wanaotoa wanapewa soda."

Daktari alitoa miwani akaifuta. Sijui kama alielewa. Mimi nilielewa yote, na ningekuwa na machozi ya kutosha ningelia, lakini hata machozi yanataka maji na nguvu.

Walimpima uzito na presha, wakampima na yale mengine. Alikuwa O. Akarudi anasema alijua tangu mwanzo, ukoo wao wote ni watoaji. Wakamlaza chumba cha pili. Alilalamika soda haina gesi, na kwamba yule bwana wa maabara ana mikono baridi kama chura.

Chupa ya shangazi ilining'inia juu yangu alasiri yote. Waliogopa kuiharakisha, moyo wangu usije ukashindwa kwa ghafla, ikawa inadondoka kama bomba bovu. Mwanzoni nilitetemeka, wakanifunika mablanketi. Baadaye, sijui niseme vipi. Nilianza kusikia harufu. Nilikuwa sijajua kwamba pua ilikuwa imekufa: nikasikia dawa ya kupigia deki, nikasikia kambale, nikasikia mvua. Jirani yule wa masikioni akapunguza kutwanga. Asubuhi Desideri, kwa kunipima, akaniwekea punje za mchele mkononi. Nikazitazama zikawa mchele tu. Nikampa arudishe.

Shangazi akaja na uji, akakaa. "Umeamkaje, mwanangu?"

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Miaka yote nilikuwa mkwe.

Daktari alitaka chupa ya pili iwe tayari kabla ya kunipasua. Mahenge hawajavuka, shangazi hawezi kutoa tena, Desideri hakuna kati yetu aliyemtaja, na mvujo ukaanza upya, ukawa unaipoteza ile ya kwanza. Akasema tukiendelea kungoja tutakuwa tumemwaga damu ya shangazi bure. Nikaingizwa chumba cha upasuaji asubuhi ya Jumatano. Kitu cha mwisho kukiona ni Desideri mlangoni, kofia mkononi, kama mtu anayesindikiza treni.

Ya ndani siyajui, nimeyapata kwa vipande. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko walivyodhani. Kizazi kikatoka nao. Nikavuja kuliko walivyopanga. Sista akatoka nje mbio, na kwenye benchi alikuwepo mtu mmoja tu ambaye alishapimwa na maabara inamjua. Shangazi alikuwa amekwenda nyumbani kumpikia Neema.

Nilipozinduka tumbo lilikuwa linawaka, na juu yangu kulikuwa na chupa. Nilijua si ya shangazi, ile ilikwisha. Desideri alikuwa amekaa pembeni, mkono mmoja kaukunja, kwenye kiwiko kuna pamba iliyobanwa kwa plasta. Aliona ninapotazama. Hakuuficha. Tulikaa hivyo, sisi wawili na ile chupa.

Shangazi akaingia na kikapu. Akatazama uso wangu kwanza, akagusa paji. Akatazama chupa. Kisha akamtazama Desideri, na macho yake yakashuka mpaka kwenye pamba, yakakaa hapo. Mimi nilikuwa naona vidole vyake. Havikuhesabu.

Akaweka kikapu chini. Akamwendea mpwa wake, akashika mkono wa shati uliokuwa umekunjwa, akaushusha taratibu mpaka kifundoni, akafunga kifungo.

"Kuna baridi humu," akasema. Wodi ile, kwa jinsi ilivyokuwa na joto, sista walikuwa wanajipepea na makaratasi.

Hakuna aliyelitaja tena. Mimi sikulitaja, Desideri hakulitaja, na hesabu iliyotangazwa kwa majirani, kwa padre na kwa ndugu wa Mahenge walipovuka hatimaye, ni ile ya shangazi: nimekuwa mwanawe, ni binamu, hakuna tatizo. Walicheka, wakatania mahari irudiwe.

Sasa ninyi mlio kwenye benchi, au mnaomwuguza mtu. Kutoa damu hakuui, shangazi yangu analima mpaka leo. Kipimo wanachokiogopa ndugu zenu kinauma kidogo kuliko jeneza. Usimngoje mgonjwa akuombe, hataomba. Na ile damu ya bandia, huwa nasikiliza redio, nikisikia wanasema wanasayansi nasogea. Bado hawajaipata. Siwacheki. Wenye shangazi tunaweza kujitetea kwa namna fulani. Kuna watu wanashushwa stesheni wasiyoijua, na kwao ile isiyo na ukoo ndiyo ingekuwa ukoo. Waharakishe.

Mengine yalichukua muda. Baada ya kutoka hospitali Desideri alirudi Mofu kwa mavuno, na mavuno ya mwaka ule yalikuwa marefu. Wenzake walishuka na magunia, yeye akabaki, mara kukarabati dungu, mara kutega samaki kwenye mabwawa. Aliniletea mchele na kambale, akauliza kidonda, akalala sebuleni kwenye mkeka kwa sababu, alisema, asije akanigonga tumbo. Kidonda kilipona, kikawa mstari. Mkeka ukabaki sebuleni. Mimi nilikaa mlangoni kwangu, rangi imerudi, majirani wananisifia, na ndani ya kifua nilikuwa na swali ambalo hata shangazi asingeweza kulihesabu.

Akaja siku moja ya kiangazi, mchana, saa ambayo mji mzima umejilaza kwa joto. Nilikuwa kitandani, macho wazi. Nilisikia anaegesha baiskeli, ananawa miguu, anasimama sebuleni muda mrefu. Kisha akaingia na mto wake kwapani.

"Panya," akasema, "bado yumo?"

Nikasogea ukutani.